Ethanoli katika Tangi la Gari: Hukumu ya Kuchanganya Alkoholi na Petroli

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baad:

Kilosa ni wilaya ya mkonge na miwa. Kimamba, mji mdogo ulio kandokando ya Reli ya Kati, ulijulikana kwanza kwa katani yake. Leo, katika wilaya hiyo hiyo, huko Mbigiri, lipo shamba na kiwanda cha sukari cha Kampuni Hodhi ya Mkulazi, ambayo ni ubia wa Mfuko wa NSSF na Jeshi la Magereza. Kusini zaidi, ng'ambo zote mbili za Mto Ruaha Mkuu, yamo mashamba ya Kilombero. Penye sukari pana molasi, na penye molasi pana ethanoli. Nayo ethanoli ni alkoholi ile ile inayolevya katika pombe, na ni hiyo hiyo inayochanganywa na petroli ili kuendesha magari, yakiwemo magari ya kasi.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo maimamu wetu hawana budi kulijibu kwa elimu. Fundi Mwislamu anayechanganya ethanoli na petroli kwa ajili ya gari la mashindano, je, anashughulika na khamri? Ikimwagikia kanzu yake, sala yake itasihi? Na mkulima wa miwa, na muuza mafuta, wana hukumu gani? Wapo wanaojibu haraka kuwa kila kilicho na jina la alkoholi ni haramu. Wapo pia wanaojibu kwa haraka ile ile kuwa gari halilewi, basi hakuna neno. Majibu yote mawili yameruka hatua. Tunaomba msomaji atufuate hatua kwa hatua.

ETHANOLI NI KITU GANI

Molasi ni uji mweusi mzito unaobaki baada ya sukari kutolewa katika maji ya miwa. Wafugaji huinyunyiza katika malisho ya mifugo. Ikizimuliwa kwa maji na kutiwa hamira, sukari iliyobaki ndani yake huchachuka na kuwa alkoholi. Tani moja ya molasi hutoa ethanoli lita 220 hadi 270 hivi. Kileo hicho hukenekwa kwa moto mpaka kifikie nguvu ya kiasi cha asilimia 95. Hapo ukenekaji wa kawaida hugoma, kwa sababu maji yaliyobaki hupanda mvuke pamoja na alkoholi. Ili ifae kwa gari lazima ikaushwe kwa mitambo maalumu, ifikie asilimia 99 na zaidi.

Kisha, katika nchi nyingi, sheria huamuru itiwe kitu cha kuiharibu isinyweke, mara nyingi petroli yenyewe. Kwa hiyo ethanoli ya gari ikifika sokoni huwa si kinywaji. Ni sumu, na mwenye akili hainywi.

Jambo hili si geni katika bara letu. Zimbabwe ilianza kuchanganya ethanoli ya miwa na petroli mwaka 1980, na Malawi mwaka 1982, kutoka kiwanda cha Dwangwa. Kenya nayo ilichanganya katika miaka ya 1980 kwa alkoholi ya kiwanda cha Muhoroni. Brazil, iliyoanza mpango wake mkubwa mwaka 1975, ilipandisha kiwango cha ethanoli katika petroli yake hadi asilimia 30 mwezi Agosti 2025. Hapa Tanzania serikali ilitoa mwongozo wake kuhusu mafuta ya mimea mwaka 2010. Basi suala hili ni la biashara na maisha, na Mwislamu anayesafiri au anayesoma ng'ambo huenda alikwisha kujaza mafuta hayo bila ya kujua.

KWA NINI MAGARI YA KASI HUIPENDA

Mufti hawezi kuhukumu kitu asichokielewa, kwani wanazuoni wamesema kuwa hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Kwa hiyo tueleze kwa ufupi.

Petroli ina kipimo kiitwacho oktani, nacho huonyesha namna mafuta yanavyostahimili kugandamizwa bila ya kuwaka kabla ya wakati. Mafuta yakiwaka kabla ya wakati, injini hugonga na pistoni huharibika. Petroli ya kawaida ina oktani ya 91 hadi 95, na ethanoli inafika kiasi cha 108. Tena ethanoli ikigeuka mvuke hunyonya joto jingi, zaidi ya mara mbili ya petroli, ikaipoza hewa inayoingia katika injini. Kwa sababu hizi mbili gari lenye turbo linaweza kusukumiwa hewa nyingi zaidi na kutoa nguvu kubwa zaidi. Ndiyo maana magari ya mashindano ya IndyCar huko Marekani yalitumia ethanoli tangu mwaka 2007, na yale ya Formula 1 yakaanza kutumia petroli yenye ethanoli asilimia 10 mwaka 2022.

Lakini kila faida ina gharama yake. Lita ya ethanoli ina nishati ya kiasi cha theluthi mbili tu ya lita ya petroli. Kilo ya petroli huhitaji hewa kilo 14.7 ili iungue sawasawa, na kilo ya ethanoli huhitaji kilo 9 tu. Maana yake ni kuwa injini ya ethanoli hunywa mafuta mengi zaidi. Mwenye kutumia mchanganyiko wa asilimia 85, uitwao E85, huhitaji injekta na pampu zinazopitisha mafuta kwa theluthi moja zaidi au hata kupita hapo, na kompyuta ya injini ipangwe upya. Anayemimina tu bila ya kupanga, injini yake hupungukiwa mafuta, ikapata joto kupita kiasi na kuungua. Mipira na gasketi ambazo hazikutengenezwa kwa ethanoli nazo huliwa na kuvuja.

Hesabu ya kuchanganya ni nyepesi. Tangi la lita 40 likitakiwa liwe na ethanoli asilimia 20, ethanoli inayotakiwa ni lita 8. Ukiwa na ethanoli kavu, tia lita 8 na petroli lita 32. Ukiwa na E85 iliyo tayari, gawa 8 kwa 0.85, utapata lita 9.4, kisha ujazie petroli lita 30.6. Mwenye petroli ambayo tayari imetiwa ethanoli lazima aihesabu na hiyo, ama sivyo atazidisha. Kazi hii haifanywi ndani ya nyumba wala karibu na jiko, kwani mvuke wa mafuta haya huwaka upesi.

JE, NI NAJISI?

Aya ya 90 ya Suratul Maida imeuita ulevi kuwa ni uchafu na kazi ya shetani, na kutuamrisha tujiepushe nao. Jamhuri ya wanazuoni, wakiwemo maimamu wa madh-hebu manne, wamefahamu kuwa uchafu huo ni pamoja na najisi ya kuonekana. Madh-hebu ya Imam Shafi (r.a.), ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, yameweka kanuni wazi kuwa kila kimiminika chenye kulevya ni najisi.

Wapo waliohalifu tangu zamani. Rabia, mwalimu wa Imam Malik, na Al-Layth bin Saad wa Misri, na Al-Muzani, naye ni mwanafunzi wa Imam Shafi mwenyewe, wamesema khamri ni haramu kuinywa lakini dhati yake ni tohara. Hoja yao ni kuwa aya imetaja pamoja na ulevi kamari, masanamu na mishale ya kupigia ramli, na hakuna asemaye kuwa vitu hivyo vinanajisi mkono. Tena ulevi ulipoharamishwa ulimwagwa katika njia za Madina, nazo ni njia za watu kupita. Jamhuri nao wana majibu yao kwa hoja hizi, na anayetaka urefu wake atazame vitabu vya tafsiri na fiq-hi.

Wanazuoni wa Kihanafi wana mlango mwingine. Kwao khamri hasa ni ile ya zabibu mbichi, na vileo vya vitu vingine vina hukumu pungufu katika najisi, ijapokuwa kulewa ni haramu kwa vyovyote. Kwa njia hiyo baadhi ya wanazuoni wao wa zama zetu wamelegeza katika alkoholi ya viwandani isiyonywewa. Mwaka 1995 Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi ya Tiba ilikutana Kuwait na kutoa kauli kuwa alkoholi si najisi kisheria, kwa kuwa asili ya vitu ni tohara. Kabla yao Sheikh Rashid Ridha alikwisha kuandika hivyo katika jarida la Al-Manar la Cairo.

Sasa fundi wetu afanye nini? Anayefuata kauli mashuhuri ya Kishafii na ahesabu kuwa ethanoli ni najisi, na kwamba petroli iliyochanganywa nayo imenajisika hata ikiwa ethanoli ni chache, kwa sababu kimiminika kisichokuwa maji hunajisika kwa kuguswa tu na najisi. Nguo iliyopatwa ataiosha kwa maji kabla ya sala, na mkono vile vile. Kukauka kwake tu hakutoshi. Ama moshi wa bomba la gari, Mashafii wamesema moshi wa najisi ni najisi lakini uchache wake umesamehewa, basi asijitie wasiwasi. Na aliyesali kwa kufuata kauli ya tohara, sala yake haibatilishwi na mwenzake, kwani suala hili lina hitilafu ya kale iliyozingatiwa.

JE, YAFAA KUICHOMA?

Hapa ndipo penye kiini cha suala, na wengi huchanganya. Kunajisika ni hukumu moja, na kunufaika ni hukumu nyingine.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Jabir (r.a.) kuwa mwaka wa Ufunguzi wa Makka Mtume (s.a.w.) alitangaza uharamu wa kuuza ulevi, mzoga, nguruwe na masanamu. Masahaba wakamuuliza juu ya mafuta ya mzoga, ambayo watu hupaka majahazi na ngozi na kuwashia taa. Akajibu kuwa hapana, hilo ni haramu. Wanazuoni wakahitalifiana: "hilo" ni lipi? Wengi wamesema ni kule kuyatumia. Imam Shafi na wafuasi wake, kama alivyobainisha Imam Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, wamesema ni kule kuyauza. Kwa hiyo kwao yafaa kupaka chombo na kuwasha taa kwa mafuta hayo, ila yasiliwe wala yasipakwe mwilini. Na mafuta mazuri yaliyoingiwa na najisi, wengi zaidi katika wanazuoni wameruhusu kuwashia taa.

Tuzingatie vyema. Taa ya mafuta ya mzoga ni nini ila ni nishati najisi inayochomwa kwa manufaa? Na injini ya gari ni nini ila ni taa inayowaka ndani ya chuma? Wazee wetu waliwasha karabai kwa kuipasha moto kwanza na spiriti, na chini ya mwanga wake Maulidi yakasomwa. Spiriti ile ni alkoholi iliyoharibiwa isinyweke.

Atasema msemaji: ulevi ni mzito kuliko mzoga, kwani Mtume (s.a.w.) aliamuru umwagwe, na alimkataza Abu Talha kuugeuza siki ule uliokuwa mali ya mayatima. Hoja hii ina uzito, na ndiyo iliyowafanya baadhi ya wanazuoni wasiruhusu kunufaika na ulevi kwa namna yoyote. Mwezi Februari 2009 Sheikh Muhammad An-Najimi wa Saudi Arabia aliwaonya wanafunzi walio ng'ambo kuhusu mafuta ya gari yenye ethanoli, akitegemea Hadithi inayowalaani wote wanaoshughulika na ulevi. Mwenyewe alisisitiza kuwa hiyo ni rai yake wala si fatwa rasmi.

Lakini wanazuoni wa Kishafii wametenganisha khamri iliyokamuliwa kwa nia ya ulevi na ile iliyokamuliwa kwa nia nyingine, kama vile siki. Hii ya pili wameiita yenye kuheshimiwa, na hawakuwajibisha imwagwe. Hadithi ya laana nayo inataja mkamuaji, mbebaji, mnywaji na wenzao, yaani mnyororo mzima unaoishia katika kikombe. Ethanoli iliyokaushwa na kuharibiwa kwa ajili ya injini haimo katika mnyororo huo. Baraza la Fiq-hi la Rabita, katika kikao chake cha Makka mwaka 1422 Hijria (2002), liliruhusu alkoholi itumike kusafishia majeraha na kuulia vijidudu kwa nje ya mwili. Uamuzi huo haukuhusu magari, ila umeonyesha kuwa si kila matumizi ya alkoholi ni matumizi ya ulevi.

Kwa hiyo tunaloliona kuwa na nguvu ni kwamba kuchoma ethanoli katika injini yajuzu. Jenereta ya msikiti iliyo nje ya jengo ina hukumu hiyo hiyo, mradi mafuta yasiingizwe wala yasimwagwe mahali pa kusalia.

KUUZA, KUNUNUA NA KULIMA

Kwa Mashafii, sharti la kitu kinachouzwa ni kiwe tohara. Ndiyo maana hawasihishi kuuza samadi, ingawa wakulima huihitaji. Njia waliyoitaja ni mwenye kitu kuondoa mkono wake juu ya haki yake kwa malipo, bila ya kulifanya hilo kuwa mauziano. Njia hiyo inafaa hapa kwa mwenye kushikamana na madh-hebu. Anayefuata kauli ya tohara hana haja nayo. Imam Abu Hanifa na wenzake wao waliruhusu kuuza mafuta yaliyonajisika, kwa sharti muuzaji aseme wazi aibu yake. Sharti hilo tutalirudia hivi punde.

Ama mkulima wa miwa wa Kilosa, yeye anauza miwa kwa kiwanda cha sukari, na sukari ni halali. Hata hivyo tusifumbe macho. Alkoholi inayokenekwa kutokana na molasi katika bonde la Kilombero ni ya aina inayonunuliwa na watengenezaji wa vinywaji. Mkulima hana mkono katika hilo, kwani mauzo yake yamekwisha pale mizani ilipopima miwa. Lakini mwenye kumuuzia molasi mtu anayemjua kuwa ni mpika gongo, huyo ameingia katika yale waliyoyakataza Mashafii, ya kumuuzia zabibu mwenye kukamua ulevi. Akijua au akidhani kwa nguvu ni haramu, na akishuku tu ni karaha. Mafuta ya gari yana neema hapa: molasi inayokwenda katika injini haitakwenda katika chupa.

Na asije kijana akasema, "Basi nitanunua gongo nitie katika gari." Hilo lina makosa mawili. La kwanza, fedha yake inamtia nguvu mpika ulevi, na Suratul Maida, aya ya 2, imekataza kusaidiana katika dhambi. La pili, gongo ina maji mengi. Maji hayaelewani na petroli. Yakizidi kidogo huivuta ethanoli, na vyote viwili huzama chini ya tangi, mahali pampu inaponyonya. Amepata dhambi, na gari halikutembea.

PALIPO NA HATARI ZAIDI

Tumeona watu wakigombana juu ya tone la ethanoli katika nguo, na wakinyamaza juu ya mambo yaliyo wazi zaidi katika dini. Nayo ni matatu.

Kwanza ni ghishi. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini yake, akamkana mwenye kughushi kuwa si katika sisi. Imepokewa na Muslim. Anayetia ethanoli, au mafuta ya taa, katika petroli na kuiuza kwa bei na jina la petroli, amefanya hasa jambo hilo. Uchakachuaji wa mafuta ulienea nchini hadi EWURA ikaanzisha uwekaji wa vinasaba katika mafuta mwaka 2010. Hapa hakuna hitilafu ya madh-hebu. Hata asemaye kuwa ethanoli ni tohara kama maji ya mvua anakubali kuwa kuificha kwa mnunuzi ni haramu. Fundi pia akitia mchanganyiko katika gari la mteja, amwambie ametia kiasi gani, na kama gari halikutengenezwa kwa ajili yake amkatalie.

Pili ni dumu lenyewe. Ethanoli inayouzwa mitaani bila ya kuharibiwa yaweza kuishia katika glasi. Ile iliyoharibiwa, pengine kwa methanoli, akiinywa mtu hupofuka au hufa. Wanazuoni wameweka mlango wa kuziba njia za uovu kabla haujatokea. Basi mwenye nayo aiandike jina, aifungie, na asimuuzie asiyemjua haja yake.

Tatu ni kasi. Gari la nguvu lina uwanja wake. Mashindano yaliyoandaliwa, njia imefungwa na watu wametengwa, ni jambo moja. Kulijaribu gari katika barabara ya Dumila kwenda Kilosa, watoto wakitoka madrasa na ng'ombe wakivuka, ni jambo jingine. Kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana ni miongoni mwa nguzo za fiq-hi, na kafara na dia havifutwi kwa kusema kuwa mafuta yalikuwa halali.

KWA MUHTASARI

Ethanoli ya gari haramu kuinywa, kidogo au nyingi. Kuichoma katika injini yajuzu kwa kauli tuliyoiona kuwa na nguvu. Kwa mwenye kufuata mashuhuri ya Kishafii, iliyomgusa ataiosha kabla ya sala. Mkulima wa miwa ya sukari hana lawama, na mwenye kumuuzia molasi mpika gongo ana lawama. Kuchanganya kwa siri na kuuza ni ghishi kwa ijmai.

Imamu atakayeulizwa suala hili na asianze na neno "alkoholi". Na amuulize muulizaji: imetengenezwa kwa ajili ya nini, inakwenda wapi, na je, aliyeinunua amejua alichonunua? Akipata majibu ya maswali hayo matatu, sehemu kubwa ya hukumu itakuwa imekwisha kudhihiri.

Wallahu aalam. Twamuomba Allah atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka. Amin.